Tabora kwa Siku Nne: Mji wa Shule Katika Njia ya Misafara

Tabora ni mji wa shule. Uko kwenye uwanda wa magharibi mwa Tanzania, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na misitu ya miombo. Hauna mlima mrefu wa kuupamba, ila vilima vya mawe vilivyotawanyika kandokando, lakini mwinuko huo unatosha kufanya usiku wa Juni na Julai udai sweta. Tangu miaka ya 1920 umekuwa ukipokea watoto kutoka pande zote za nchi, kila mmoja na tranka lake, godoro na ndoo. Shule ya Wavulana Tabora na Shule ya Wasichana Tabora ndizo zinazotajwa kwanza. Nyuma yao zinafuata Milambo na Kazima, kisha vyuo: Chuo cha Ualimu, Chuo cha Reli, Chuo cha Nyuki, Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho wengi bado wanakiita Uhazili, pamoja na chuo kikuu kishiriki kinachobeba jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo.

Kwa sababu hiyo familia nyingi za Tanzania zimewahi kufika Tabora, lakini chache zimeuona mji wenyewe. Mzazi anashuka kwenye basi alfajiri, anamfikisha mtoto bwenini, anamkabidhi kwa matroni au patroni, kisha anakwenda kukata tiketi ya kurudi. Anayefanya hivyo ameupita mmoja wa miji iliyotengeneza nchi hii bila kuutazama usoni. Siku tatu au nne za mapumziko zinatosha kuurekebisha mwendo huo, na gharama yake ni ndogo kuliko ya mbuga za kaskazini au fukwe za Zanzibar.

Kalenda yenyewe inasaidia. Pasaka ndiyo mapumziko marefu ya uhakika, maana Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zote ni sikukuu za kitaifa. Sabasaba, au Oktoba 14 ambayo ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ikiangukia Ijumaa au Jumatatu nayo inatoa siku tatu. Kila msimu una sura yake. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, hivyo mgeni wa Pasaka anaukuta mji umejaa majani na barabara za vumbi zimegeuka tope. Julai ni kukavu, mchana kuna jua la kuvumilika na usiku kuna baridi. Oktoba ndio mwezi wa joto kali kuliko yote, kabla mvua haijashuka, na wenye watoto wadogo wapange matembezi ya asubuhi mapema na ya jioni.

Kufika Tabora ni sehemu ya safari, si adha ya kuvumilia tu. Ndege zipo, na lami sasa inaingia mjini kutoka pande kadhaa, zikiwemo kutoka Nzega kwa wanaokuja kwa njia ya Singida au Mwanza, na kutoka Manyoni kupitia Itigi. Hata hivyo, kwa familia yenye watoto, treni inastahili kupewa nafasi angalau kwa upande mmoja wa safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa Reli ya Kati ni takriban kilomita 840. Tangu mwaka 2024 sehemu ya kwanza, hadi Dodoma, inapitwa pia na treni ya umeme ya reli ya kisasa, na ujenzi wa reli hiyo unaendelea kuelekea Tabora na kwingineko. Treni ya reli ya zamani haipiti kila siku, kwa hiyo ratiba iulizwe stesheni mapema. Anayeipanda anapata kitu ambacho basi halina: mtoto anaweza kutembea ndani ya behewa, kununua karanga na mayai dirishani, na kuona jinsi ukame wa Ugogo unavyoiachia miti mirefu ya Unyamwezi nafasi.

Stesheni ya Tabora ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Ni jengo la Wajerumani, lenye kuta nene na paa la mteremko mkali ambalo lingefaa zaidi kwa nchi ya theluji. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakaongeza tawi la kwenda Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Tangu hapo Tabora imekuwa njia panda: mabehewa yaliyokuja pamoja kutoka pwani yanakatwa hapa, mengine yanaelekea ziwani Victoria, mengine Tanganyika. Kazi ya kuyatenganisha huchukua muda, na kwa mtoto anayependa mashine kuitazama kunatosha kuwa shughuli ya saa nzima.

Katika karakana za reli hiyo kulifanyika jambo ambalo wakazi wengi wa mji wenyewe hawalisimulii vya kutosha. Vita ilipopamba moto, meli za Uingereza ziliziba bahari na koloni la Wajerumani likakosa sarafu kutoka Ulaya. Serikali yao ilikuwa imehamia Tabora, na mwaka 1916 mafundi wakaanza kugonga fedha papo hapo. Sarafu ndogo, za heller 5 na 20, zilitengenezwa kwa shaba iliyookotezwa, yakiwemo maganda ya risasi. Kisha ikaja sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja ina tai wa Ujerumani, upande mwingine tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitoka zaidi ya 16,000, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazinunua kwa bei kubwa. Mnamo Septemba 19, 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, ambayo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika, yakaingia mjini, na historia ya kiwanda hicho ikaishia hapo.

Boma la Wajerumani bado lipo, kubwa na zito. Busara ni kuuliza kabla ya kutoa kamera. Hoteli ya zamani ya reli nayo ni ya enzi hizo, na veranda yake pana ni mahali pa kutuliza watoto kwa soda baada ya jua la mchana. Mji wenyewe unatembeleka kwa miguu. Kutoka stesheni hadi soko, na kutoka soko hadi mitaa ya zamani ya Kanyenye, Gongoni, Chemchem na Ng'ambo, mgeni anapita chini ya miembe mikubwa ambayo kivuli chake ni fahari ya Tabora. Masimulizi ya wenyeji yanaihusisha miti hii na wafanyabiashara wa misafara, waliokuja na embe kutoka pwani. Katika mitaa hii damu ya Wanyamwezi imechanganyika na ya watu wa mwambao, Wamanyema wa Kongo na Waarabu. Kiswahili chake kina adabu ya pwani ingawa bahari iko mbali, na asubuhi mzee akisalimiwa kwa "mwangaluka" ya Kinyamwezi anafurahi zaidi.

Kwa shule, kanuni ni moja: hizi si majumba ya makumbusho. Kuna watoto darasani, na mgeni anaanzia ofisi ya mkuu wa shule kuomba ruhusa. Akipata, ana mengi ya kuwaonyesha wanawe. Shule ya Wavulana ilianzishwa na Waingereza katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu. Utawala wao ulipita kwa watawala wa jadi, kwa hiyo ulihitaji machifu wajao wanaojua kusoma, kuandika na kutunza hesabu. Miaka ya mwanzo hata mabweni yalipangwa kwa makabila, kila moja na chifu wake wa wanafunzi na baraza lake la kuamua kesi. Mpango huo ulilenga kuzaa watawala watiifu. Matokeo yalikuwa tofauti kabisa. Vijana waliowekwa pamoja kutoka majimbo yaliyokuwa hayajuani walijikuta wanazungumza lugha moja na kuiona nchi moja.

Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma, na kutoka kwenda Makerere mwaka 1943. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alipita hapo pia. Vivyo hivyo Abdallah Fundikira, chifu wa Unyanyembe, himaya ya jadi ya eneo la Tabora, na waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Baada ya Makerere, Nyerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Wakatoliki ya St. Mary's kuanzia 1946, hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Kwa hiyo mji huu ulimlea mara mbili, akiwa mwanafunzi na akiwa mwalimu, na jina la Mwalimu lina mzizi wake katika miaka hiyo ya chaki. Leo Tabora Wavulana na Tabora Wasichana ni miongoni mwa shule za serikali zinazopokea wanafunzi wenye vipaji maalumu, na mtoto wa darasa la saba anayepelekwa kuziona akiwa bado hajafanya mtihani anapata hamasa ambayo hotuba za nyumbani hazimpi.

Mwalimu Nyerere alirudi tena Januari 1958, safari hii akiwa kiongozi wa TANU. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wenye masharti ya kuudhi: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na haki ya kupiga kura ilifungwa kwa kipato na elimu. Wajumbe wengi waliokusanyika Tabora walitaka kususa. Nyerere aliwashawishi waingie, kwa hoja kwamba kususa kungewaachia wapinzani Baraza la Kutunga Sheria lote. Azimio hilo linajulikana kama Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa na kuunda chama cha African National Congress. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda. Ni vigumu kutaja mkutano mwingine mmoja uliosogeza uhuru karibu kiasi hicho, na inasikitisha kwamba wasafiri wengi wanapita Tabora bila kusikia habari zake.

Siku moja nzima iachiwe Kwihara. Ni kijiji kilicho kilomita chache kusini-magharibi mwa mji, na bodaboda au teksi inafika bila shida. Hapo pana tembe la mmisionari na msafiri David Livingstone, nyumba iliyojengwa upya katika karne ya 20 na kufanywa makumbusho. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo na paa bapa la miti na udongo, yenye vyumba vinavyouzunguka ua. Ndani kuna ubaridi hata jua likiwa utosini. Kinachoshika jicho kwanza ni milango. Mbao zake zimechongwa maua na minyororo kwa mtindo wa Bagamoyo na Unguja, na mtoto akipitisha kidole kwenye michoro hiyo anaelewa haraka kuliko kwa kitabu kwamba pwani na bara zilifungwa kwa kamba moja.

Kamba hiyo ilikuwa njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kutoka pwani hadi Unyanyembe ilikuwa safari ya karibu miezi mitatu kwa miguu. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1857 na kupokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Wao waliuita mji Kazeh. Mwaka uliofuata Speke alitoka hapa kwenda kaskazini na kuliona ziwa ambalo Wasukuma walikuwa wakivua samaki wake kwa vizazi vingi. Babake Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, aliitwa Muhammed bin Juma; alikuwa na makao hapa na alioa katika ukoo wa kitawala wa Fundikira. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliwasili Kwihara Juni 1871, akamkuta Livingstone Ujiji baadaye mwaka huo, na wote wawili wakarudi hapa Februari 1872. Stanley aliondoka Machi. Livingstone alibaki akiwangoja wapagazi walioahidiwa kutoka pwani, na akaondoka Agosti kwenda kufia Chitambo, katika Zambia ya leo.

Makumbusho ya namna hii huwa na mazoea ya kusimulia Wazungu wawili na kunyamazia mamia ya watu waliowabeba. Mzazi anayewapeleka watoto Kwihara afanye bidii kugeuza simulizi hiyo. Njia hii iliendeshwa na Wanyamwezi. Upagazi kwao ulikuwa kazi ya ujira na heshima, iliyofanywa na vijana huru waliopatana malipo kabla ya kuondoka. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, ukibebwa begani au kichwani kuanzia alfajiri, nyuma ya kirangozi aliyetangulia na bendera. Malipo yalikuwa vitambaa, shanga na waya wa shaba. Kitambaa cha merikani kilifumwa katika viwanda vya Marekani, kikapita Unguja na kuishia mwilini mwa mkulima wa Unyanyembe. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, unaosikika misibani hadi leo, umeoteshwa na safari hizo za kuingia na kutoka pwani.

Waliomhifadhi Livingstone alipokufa mwaka 1873 nao ni wa njia hii. Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga na kuubeba. Walipofika Unyanyembe walimkuta ofisa Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874, na Aprili mwaka huo mwili ukazikwa Westminster Abbey, London.

Wala watoto wakubwa wasifichwe upande mwingine. Katika njia hiyohiyo walipitishwa watu waliofungwa shingo, wakitoka Manyema na kandokando ya Ziwa Tanganyika, na Tabora ilikuwa soko na kituo chao. Pembe za ndovu na watumwa vilikwenda pamoja. Baadhi ya nyumba za fahari zilizojengwa hapa zilijengwa kwa faida hiyo.

Wanyamwezi hawakukaa kimya mbele ya biashara hii. Mtemi Mirambo wa Urambo alidai ushuru kwa misafara inayopita nchini kwake, na Waarabu walipogoma vita vikazuka. Agosti 1871 wapiganaji wake waliivamia Tabora na kuichoma sehemu, Stanley akiwa Kwihara, amejificha nyuma ya kuta za tembe akingoja kushambuliwa. Miaka mitano baadaye walikutana kwa amani, na Stanley akamlinganisha na Napoleon. Mirambo alifariki mwaka 1884. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikabiliana na adui mwingine: Wajerumani walimshambulia mara kadhaa, na Januari 1893, boma lake lilipovunjwa, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa akiwa hai. Habari za Isike zinafaa kusimuliwa na mzee wa Itetemia au Ipuli, kwa kuwa huko bado ni habari za ukoo.

Siku ya tatu ni ya mdomo na soko. Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima, na sababu yake ni miombo: miti hii inachanua kwa wingi na kwa zamu, na nyuki wanapata chakula kipindi kirefu cha mwaka. Warina asali wa jadi hutumia mizinga ya magogo au ya magome, iliyotundikwa juu matawini mbali na nyegere, na hurina usiku kwa moshi. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti, mti hufa, ndiyo maana wataalamu, wakiwemo wa Chuo cha Nyuki cha hapa mjini, wanahimiza mizinga ya kisasa ya mbao. Asali sokoni huwa na rangi nyingi, kutoka ya dhahabu hadi nyeusi kama chai ya rangi, na muuzaji mwaminifu humwonjesha mteja kabla ya kupima. Inunuliwe kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, hasa kama safari ya kurudi ni ya basi.

Pembeni ya asali kuna vyakula ambavyo mtoto wa Dar es Salaam hajavizoea. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza, kisha hukaushwa, na hutafunwa hivyohivyo au kwa chai. Nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, hupikwa kwa karanga na kuliwa na ugali. Wakati wa mvua akina mama huuza uyoga wa msituni kandokando ya barabara, na kwa msimu wake kuna matunda ya porini ya furu na matonga. Hoteli kubwa hazina vyakula hivi. Vinapatikana sokoni na kwa mama lishe, na watoto wenye mashaka waanze na matobolwa, maana ni matamu.

Ikibaki siku ya nne, kuna Kipalapala, kusini mwa mji, penye seminari kuu ya Mtakatifu Paulo na kiwanda cha uchapaji cha misheni ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vimeingia nyumba nyingi za Wakatoliki. Kaskazini kuna bwawa la Igombe, lililoinywesha Tabora kwa miaka mingi kabla ya bomba la maji ya Ziwa Victoria kufika. Ni mahali pa kukaa kivulini na kula chakula kilichofungwa nyumbani, lakini watoto wasiachwe kuchezea ukingoni kwa sababu ya mamba. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, ni ya safari nyingine yenye siku zaidi na gari imara. Urambo, kwa upande wake, unawezekana kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa lami. Huko ndiko lilikokuwa eneo mojawapo la mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ukamaliza mamilioni ya pauni na kufa kabla ya miaka mitano kwisha kwa sababu wapangaji hawakuisoma ardhi wala mvua. Mashamba yaliyobaki yaligeuzwa ya tumbaku, zao linaloendelea kuulisha mkoa hadi leo, na mabani ya kukaushia majani yake yanaonekana toka barabarani.

Anayerudi kwa treni aulize stesheni mchana wa siku ya kuondoka kama saa imebadilika. Anayerudi kwa basi akate tiketi siku moja kabla, hasa shule zinapofunga au kufungua, kwani siku hizo viti vyote huchukuliwa na wanafunzi na matranka yao.